Siku za Jumanne Hatukucheza Bola

Mwaka tuliorudi Mocímboa, mji wetu wa pwani, sikuweza kukaa mahali pamoja hata kwa muda wa kula. Mama akipakua shima, ugali wetu, mimi nilikuwa nameza matonge mawili matatu nikiwa nimesimama, nanawa, natoka. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa. Kabla ya hapo tuliishi miaka mitatu nje ya mji wa Pemba, si kile kisiwa, kwenye sentro ya watu waliokimbia vita, ambako maisha yote yalikuwa foleni: foleni ya maji, foleni ya mchele, foleni ya kuandikishwa ili uruhusiwe kupanga foleni nyingine. Nilidhani nikifika nyumbani mwili utatulia. Haukutulia. Nilitoka kwetu nikaenda sokoni, kutoka sokoni nikaenda bandarini, kutoka bandarini nikarudi kwa njia ya nyuma, sina ninachonunua wala ninayekwenda kumwona.

"Unatafuta nini, mwanangu?" aliniuliza jirani yetu aliyeuza vitumbua mbele ya nyumba yake, aliponiona napita mara ya tatu kabla ya adhuhuri.

"Sitafuti kitu, mama. Napita tu."

"Basi pita na ndoo, uniletee maji."

Nilimletea maji. Nikapita tena.

Baba hakuwa nasi. Siku tuliyokimbia alitutanguliza mimi na mama, yeye akarudi kumchukua bibi, mama yake, ambaye miguu yake haikuweza tena mwendo wa haraka. Alisema atatukuta njiani. Hakutukuta. Hadi leo hakuna aliyetuambia kwamba amemwona hai, wala aliyesema ameiona maiti yake. Mama hakukubali mtu amzungumzie kama marehemu. Mgeni akisema, "Mume wako alikuwa fundi hodari wa kujenga," mama alimrekebisha pale pale, kwa adabu, bila kupandisha sauti: "Ni fundi hodari." Kisha akaendelea kumimina chai.

Kazi sikupata. Kila nilipoulizia, dukani, kwa wenye kujenga, kwa watu waliokuja na magari kuandikisha vibarua, neno la kwanza lilikuwa moja: bilyete. Kitambulisho. Sikuwahi kuwa nacho, na kadi ya kliniki yenye tarehe yangu ya kuzaliwa iliungua pamoja na nyumba yetu. Siku moja nilikwenda upande wa Mbau na binamu yangu kutafuta muhogo. Wakati wa kurudi tukasimamishwa kwenye kizuizi cha askari. Binamu yangu alitoa bilyete yake akaruhusiwa. Mimi nikaambiwa nikae pembeni, juu ya gunia langu la muhogo. Nilikaa hapo tangu asubuhi hadi alasiri, mpaka alipopita mzee anayeujua ukoo wetu wote akanisemea. Askari yule hakunipiga wala hakunitukana. Alikuwa kijana kama mimi, midomo imekauka kwa jua. Aliniuliza tu, "Nitajuaje kwamba wewe ndiye unayesema ndiye?"

Swali hilo nilirudi nalo nyumbani. Nilikuwa nalo nikichota maji, nikiosha vyombo. Nitajuaje. Nikaanza kutembea zaidi.

Ndivyo nilivyofika uwanjani. Klabu yetu ya zamani, ya wanaume, ilikuwa imesambaratika. Wachezaji wengine walikimbilia Nampula, wengine sijui. Uwanja ulibaki na mbuzi na goli moja lisilo na mwamba wa juu. Alasiri moja nikapita nikakuta wasichana tisa wanakimbia kuzunguka uwanja, na mwanamke mmoja amesimama katikati na filimbi. Alikuwa mwalimu wa mazoezi ya mwili shikolani, yaani shuleni, mtu wa uwanda wa juu, Mkristo, mwembamba, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye mtaa wa pili. Nilisimama kutazama. Akanipigia filimbi.

"Wewe! Umekuja kucheza au umekuja kutuhesabu?"

Nilivua ndala nikaingia.

Sisi huku tunasema bola, hatusemi mpira, na mkufunzi wa bola anaitwa mista, awe mwanamume au mwanamke. Basi yeye alikuwa mista wetu. Mwisho wa wiki ile ya kwanza aliniita pembeni.

"Una mbio kuliko wote hapa," akasema. "Lakini unakimbia hata mahali ambapo bola haipo. Kwa nini?"

"Sijui, mista. Nikisimama naona vibaya."

Nilitegemea aniambie nipunguze. Hakusema hivyo. "Basi utacheza pembeni kulia," akasema. "Pale kuna nafasi ya mtu asiyetulia."

Kila siku saa kumi nikawa na pa kwenda. Siwezi kusema nilitulia, ila sasa kulikuwa na mtu aliyeniambia nikimbilie wapi. Tulifika kumi na sita. Wengine walicheza na suruali ndefu na mitandio, wengine na kaptula. Wengine watoto wa pwani, wengine watoto wa uwandani ambao wazazi wao walihamia mjini. Baada ya vita watu wa pande hizo mbili walitazamana kwa wasiwasi, kila mmoja akijiuliza mwenzake alikuwa wapi siku ile. Uwanjani hapakuwa na muda wa hayo. Usipompa mwenzako pasi, filimbi inalia.

Halafu likaja tangazo la mashindano ya wasichana, yatachezwa Palma. Mista alitukalisha kwenye kivuli cha ukuta wa shikola.

"Kila mchezaji apeleke kopi ya bilyete," akasema. "Nani anayo? Anyanyue mkono."

Mikono minne. Wengine kumi na wawili tulitazama chini. Msichana aliyekaa karibu nami alianza kufungua kamba za viatu, viatu ambavyo alikuwa ameazima, kama mtu anayejitayarisha kuvirudisha. Mimi nilikwisha kusimama. Nilishazoea; likitajwa neno hilo, ninaondoka kabla sijaondolewa.

"Kaa chini," mista akaniambia. "Sijamaliza."

Alisema tangu wiki ile Jumanne hatutacheza bola. Jumanne itakuwa siku ya karatasi. Atakayekosa Jumanne hatacheza Jumatano.

Nilizichukia Jumanne hizo. Tuliketi chini, mimi nikichimba mchanga kwa vidole vya miguu, na mista alitueleza hatua moja moja: kwanza barua ya shefe wa bairo, mkuu wa mtaa, inayosema wewe ni mkazi wake, kisha mashahidi wawili wanaojua ulizaliwa kwa nani, kisha mzazi aje mwenyewe kwenye ofisi ya rejisto, ukishaandikwa kuzaliwa, ndipo uombe bilyete. Alikwenda kwa mashefe wa mabairo yetu yote kwa miguu. Alitufundisha kusema habari zetu kwa Kireno bila kugugumia, jina kamili, jina la baba, la mama, siku na mahali pa kuzaliwa, kwa sababu karani akikuona unasitasita anaanza kukutilia shaka. Alipoona tunachoka kukaa, alitusimamisha tukapigiana bola, na kila anayeipokea aseme, "Nasci em Mocímboa da Praia," yaani nilizaliwa Mocímboa, amalize na tarehe, kisha atoe pasi. Mwenzetu mmoja alijua tu kwamba alizaliwa msimu wa korosho, mwaka ambao kaka yake alianza kutembea. Tulisimama uwanjani watu kumi na sita tukipiga hesabu ya kaka yake mpaka tukapata mwaka.

Mimi tarehe yangu niliijua. Kikwazo changu kilikuwa mama.

Nilipomwambia anatakiwa aende rejisto, alikuwa anatwanga kisamvu. Hakusimamisha mchi.

"Sitaenda."

"Mama, bila mzazi hawaandiki."

"Watauliza baba yako yuko wapi. Nitawajibu nini? Nikisema yupo, watasema mlete. Nikisema hayupo, wataandika amekufa. Mimi siendi kumzika mume wangu ofisini."

"Hawataandika hivyo."

"Umejuaje? Umeshawahi kuandikwa wewe?"

Hapo nikasema neno ambalo hadi leo ningependa nilirudishe mdomoni. Nilisema, "Kwa hiyo kwa kuwa yeye haonekani, na mimi nisionekane?"

Mchi ukasimama. Mama hakunipiga; ingekuwa afadhali. Alimimina kisamvu kwenye sufuria, akakwangua kinu taratibu mpaka hakukuwa na kitu cha kukwangua, akaendelea kukwangua. Nilitoka mbio. Nilikwenda uwanjani saa ambayo hapakuwa na mtu, nikakimbia pembeni kulia, kwenda na kurudi, peku, bila bola, mpaka kifua kikauma. Mista alinikuta hapo alipotoka kufundisha. Nilimweleza nikiwa bado natembea huku na huku mbele yake.

"Mama yako anapenda nini?" akaniuliza.

"Sijui. Anapenda watu wasimsemeshe."

Kesho yake alasiri alipiga hodi kwetu. Mama alimkaribisha mkekani, akampa maji, akauliza hali ya nyumbani kwake, yote kama inavyotakiwa, lakini uso wake ulikuwa umefungwa. Palikuwa na muhogo wa kumenya. Mista akaomba kisu. Wakamenya wote wawili, na kwa muda mrefu hakuna aliyetaja bola wala rejisto. Mimi nilikuwa uani. Nilifagia ua uleule mara mbili ili nisikie.

"Dada yangu," mista akasema mwishowe, "mimi nina kaka yangu ambaye sijui aliko. Ana watoto watatu, wako kwangu. Mwaka jana niliwapeleka shikola wakaniuliza baba yao."

Mama alichukua muhogo mwingine.

"Niliwapa jina lake. Wakauliza anaishi wapi, nikasema hiyo acheni wazi. Wakaacha wazi. Karatasi haikugoma."

"Wewe ni mwalimu," mama akasema. "Unajua kuongea nao."

"Siku ile sikujua kuongea. Nililia mbele ya watoto."

Kisu cha mama kilisimama, kikaendelea. Mista akasema, sauti chini, "Mumeo akirudi kesho, akakuta binti yake mkubwa hivi hana karatasi yenye jina la baba, atafurahi?"

"Usinifanyie ujanja," mama akasema.

"Ni ujanja, ndiyo. Lakini si uongo."

Wakamaliza muhogo. Mama hakuahidi kitu. Alimsindikiza mgeni hadi kona, kitu ambacho hakuwa akikifanya kwa wageni wengi, akarudi akaniambia ufagio umeisha na ua umechimbika, niache.

Asubuhi ya siku ya rejisto niliamka nikamkuta amekwisha kuoga, amejifunga kapulana, vitenge vyake viwili vya harusi, na mtandio mweupe. Hakunitazama. "Twende kabla jua halijakuwa kali," akasema.

Foleni ilikuwa imeshafika barabarani. Wachezaji wenzangu walikuwepo na wazee wao, na mista alipita akikagua barua kama anavyokagua viatu kabla ya mchezo. Mimi nilitoka kwenye foleni mara nne, nikarudi mara nne. Mama alisimama kama mti. Zamu yetu ilipofika, karani, mwanamume mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliuliza bila kuinua kichwa.

"Jina la baba?"

Nilimtazama mama. Tangu siku ile ya kukimbia sikuwahi kumsikia akilitamka. Nyumbani alikuwa "baba yako", au "yeye". Mama akanyoosha shingo akalitaja lote: jina lake, la baba yake, la babu yake. Karani akaomba arudie polepole. Akarudia polepole, herufi hazijui, ila alilikata vipande vipande kama anamlisha mtoto.

"Kazi yake?"

"Ni fundi wa kujenga."

Karani akaandika, pedreiro. Nilingoja swali lile. Miguu yangu ilikuwa inacheza yenyewe chini ya meza. Karani akageuza karatasi, akauliza jina la mama. Basi. Fomu ile haikuwa na mahali pa kuuliza yuko wapi. Mama alichovya kidole kwenye wino, akabonyeza, akafutia kwenye kona ya kapulana yake ya harusi.

Nje aliegemea ukuta akaomba maji. Alikunywa kwa pupa, maji yakamwagikia mtandio. Nilitaka kusema nisamehe. Niliposogea, akasema, "Twende, nimeacha maharage motoni," na alikuwa hajaacha maharage popote. Alitembea mbele yangu njia nzima, kwa mwendo ambao mimi mwenye mbio nilihangaika kuufuata.

Bilyete hazikuja kwa pamoja. Zilikuja tatu, kisha mbili, kisha hakuna kwa wiki nyingi, mwishowe moja. Siku ya kuingiza majina tulikuwa wachezaji kumi wenye kadi. Mista akasema sheria hairuhusu kupungua saba, kwa hiyo kumi ni wengi. Tukaenda Palma watu kumi, nyuma ya lori lililobeba saruji.

Kabla ya kufika Mute tulisimamishwa. Wote tushuke, bilyete mkononi. Niliitoa yangu. Nilikuwa nimeifunga ndani ya mfuko wa plastiki, nikahangaika kuufungua, vidole vikakataa. Askari aliipokea, akaitazama, akanitazama, akanirudishia. "Pita." Nilipita. Sekunde labda tano. Nilisimama upande wa pili wa kamba nikiwa na hasira nisiyoielewa. Siku nzima juu ya gunia la muhogo, mama na wino wake, Jumanne zote zile, kwa ajili ya sekunde tano. Msichana wa msimu wa korosho alipita baada yangu akaanza kucheka, akashindwa kunyamaza, tukacheka wote kumi mpaka dereva akapiga honi.

Bola tulifungwa. Mabao manne kwa moja, na hilo moja lilikuwa la kwao wenyewe, beki wao alijifunga akimkimbia mtu wa pembeni kulia. Kumi hawawezi kuwachosha kumi na mmoja kwenye jua la Palma. Tulikaa chini tukiwa tumevunjika moyo, tukidhani asubuhi lori litaturudisha.

Asubuhi mista alitupitisha kwingine. Alitupeleka kwenye sentro ya mafunzo ya ufundi, akasimama getini, akatugeukia.

"Mlidhani nimewaleta kufungwa tu? Humu wanapokea vijana kwa kursu za umeme, bomba, kupika, kushona. Asiye na cheti cha shikola anapewa mtihani. Ila getini wanataka bilyete. Sasa mnazo. Ingieni muulize wenyewe. Mimi siongei."

Kweli hakuongea. Alikaa kwenye jiwe nje akapiga miayo.

Nilijiandikisha umeme wa majumbani. Mtihani wa kwanza nilishindwa. Niliinuka kabla ya muda kwisha, nikaacha maswali ya ukurasa wa nyuma bila kujua kwamba kuna ukurasa wa nyuma. Mista aliposikia alicheka mpaka akaketi. Kisha kwa miezi miwili, kila baada ya mazoezi, alinikalisha na hesabu na saa yake ya mkononi, na sharti lilikuwa moja: nisiinuke mpaka aseme. Mtihani wa pili nilipita. Wa mwisho wa orodha, lakini orodhani.

Si wote walifika popote. Wawili walirudi shikola. Mmoja aliolewa akaenda Nampula. Huniandikia kuuliza matokeo ya bola. Yule wa msimu wa korosho anapika kwenye kantini ya wajenzi. Na yuko mwenzetu mmoja, golikipa, ambaye hadi leo hana karatasi, kwa sababu katika ukoo wake hakubaki mtu wa kusema alizaliwa kwa nani. Anafanya mazoezi na wenzake, siku ya mchezo anakaa nje ya mstari. Mista anaendelea kwenda naye ofisini, kutoka mlango huu hadi ule. Nikiambiwa klabu yetu imesaidia vijana, nasema ndiyo, kisha namkumbuka yeye, najikuta nimesimama tena.

Sasa nafanya kazi Palma. Navuta nyaya kwenye nyumba mpya, na mabosi wameshazoea kwamba mimi situmii kiti. Mwezi uliopita mama alinipigia simu. Alizungumza habari za mbuzi wa jirani, habari za mvua, halafu akashusha sauti.

"Mwanangu," akasema, "kuna mtu ametoka Montepuez. Anasema kwenye sentro ya kule kuna mzee anajenga vyoo, mtu wa pwani, haongei sana."

"Ni yeye?"

"Sijui. Nataka kwenda kuona. Nimemwambia mista wako nataka bilyete. Safari ni ndefu, vizuizi vingi."

"Amesemaje?"

"Amesema mimi ni mzee sana kwa timu, lakini nije."

Bilyete yake ilitoka wiki iliyopita. Mzee wa Montepuez si baba. Mama alimwona, akamsalimia, wakanywa chai, akageuza. Lakini hakurudi nyumbani. Amenipigia kutoka Pemba, kwa simu ya mtu, akisema sentro ziko nyingi, kuna nyingine njia ya Metuge, na kwamba askari wakimuuliza jina anawapa kadi kabla hawajamaliza kuuliza. Nikamwambia anisubiri. Nimeomba ruhusa ya siku kumi kazini. Leo nimefunga begi mara mbili, nimelifungua mara mbili, na gari linaondoka kesho alfajiri.